Kijiko kimoja ni ndoo ngapi? Pima baketi yako kabla hujapanga bei

Leo naongea na wale tunaouza vitu vya kumwaga: mchanga, kokoto, udongo mweusi, samadi, moramu, na hata maganda ya mpunga ya kutandaza bustanini. Kama una trekta yenye baketi mbele, au unakodi kijiko cha mtu kije kupakia kwenye yadi yako, post hii ni ya kwako. Kaa nayo mpaka mwisho maana kuna hesabu, na hesabu zenyewe ni za hela yako.

Nianze na kilichonipata mimi.

Nina mteja, dada mmoja anayetengeneza bustani za watu. Siku ya Jumatatu alichukua vijiko viwili vya udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Alhamisi akarudi akachukua vingine viwili, bei ile ile. Jioni simu ikaita.

"Kaka, Jumatatu vijiko viwili vilinitolea ndoo 62. Leo nimepata 49. Hela nimelipa ile ile. Hizo ndoo 13 zimeenda wapi?"

Nikataka kubisha. Mtu gani anahesabu udongo kwa ndoo? Kumbe kwenye ile nyumba gari haliingii mpaka nyuma, vijana wanabeba kwa ndoo, na yeye anawalipa kwa ndoo. Ndoo ni ile ile ya lita 20, kijana ni yule yule. Hesabu yake ilikuwa imenyooka kuliko yangu.

Nikaenda kumuuliza opareta. Opareta mwenyewe hakuwepo, aliugua tangu Jumatano, aliyekuwepo ni deiwaka. Yule wa siku zote anachota mpaka baketi inatoa mlima juu. Deiwaka yeye ni mtu wa nidhamu, anachota, anasawazisha, anamwaga. Hakuna aliyeiba hapo. Ila mimi nilikuwa nauza "kijiko" bila kujua kijiko ni nini.

Na kibaya zaidi, nilipokaa na kalamu niligundua kwamba siku ile ya Alhamisi, siku niliyoitwa mwizi, ndiyo nilimpa mteja karibu kabisa na kile nilichokipigia bei. Jumatatu ndiyo nilikuwa naibiwa, na mwizi mwenyewe ni mimi.

HESABU ILIYONIUMIZA

Bei yangu niliipanga kwa kudhani kijiko kimoja ni nusu ya mita ya ujazo, yaani nusu kyubiki. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo ni ndoo 50 za lita 20. Nusu yake ni ndoo 25. Hizo namba mbili zishike, tutazitumia mpaka mwisho.

Udongo ule ukifika kwenye yadi, ukiweka na usafiri, ulikuwa unanigharimu 35,000 kwa kyubiki. Gawanya kwa 50, ni shilingi 700 kwa ndoo. Opareta wangu wa mlima alikuwa anatoa wastani wa ndoo 31 kwa kijiko. Ndoo 6 za ziada kila anapomwaga. Tukiuza vijiko 8 kwa siku ni ndoo 48, karibu kyubiki nzima inaondoka bure. Kwa siku 26 za kazi ni ndoo 1,248. Zidisha na 700.

873,600.

Laki nane na sabini na kitu kwa mwezi, na hakuna hata mteja mmoja aliyesema asante, maana wao walijua hicho ndicho kijiko. Hapo ndo uchungu ulipo. Mteja akishazoea mlima, mlima unakuwa haki yake. Siku ukimpa kilicho sawa anaona umempunja.

Wale wa soko la viazi na vitunguu wanalijua hili kwa jina la lumbesa. Gunia linajazwa mpaka linashonewa kilemba juu, mkulima analia. Sisi wa vijiko tuna lumbesa yetu, tofauti ni kwamba tunajilumbesa wenyewe.

BAKETI INA UJAZO WA AINA MBILI

Kuna ujazo wa baketi iliyopanguswa, yaani ukipitisha ubao kuanzia mdomoni mpaka ukingo wa nyuma, kilichobaki ndani ndo hicho. Halafu kuna ujazo wa baketi yenye mlima.

Ukisoma kitabu cha mashine au kibati chake ukakuta namba moja tu, mara nyingi ni ile ya mlima, maana ndiyo kubwa na ndiyo inayovutia mnunuzi wa mashine. Na huo mlima siyo wa kubahatisha. Viwango vya kimataifa vya baketi za kupakia vinauhesabu kwa mteremko wa 2 kwa 1, yaani kila unapoingia ndani hatua mbili mlima unapanda hatua moja. Kwa ekskaveta, ile ya kuchimba kwa mkono mrefu, mlima unahesabiwa kwa 1 kwa 1, mkali zaidi. Kwa hiyo usichukue namba ya baketi ya ekskaveta ukaifananisha na ya trekta yako ukadhani ni kitu kimoja.

Mtu anakwambia "baketi yangu ni 0.63". Muulize, na mlima au bila mlima? Wengi hawajui.

KUPIMA KWA FUTI NA BOKSI LA KATONI

Huhitaji injinia. Unahitaji futi ya kupimia, kalamu na katoni kubwa, ile ya friji au ya tivi.

Shusha baketi chini kabisa, zima mashine, chomoa funguo uweke mfukoni. Safisha baketi kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu mimi nilikuta kona za chini zimeganda samadi ya tangu masika, ngumu kama tofali, karibu ndoo mbili zima. Baketi chafu ni baketi ndogo.

Egemeza katoni ubavuni mwa baketi uchore umbo la ubavu wake. Piga mstari ulionyooka kutoka kwenye mdomo mpaka ukingo wa juu wa nyuma, huo ndio mstari wa kupangusa. Sasa chora vyumba vya sentimita 10 kwa 10 ndani ya lile umbo. Hesabu vyumba. Vile vya pembeni vilivyokatwa, unganisha nusu na nusu. Kila chumba ni 0.01 ya mita ya mraba.

Baketi yangu ilitoa vyumba 28, yaani 0.28. Upana wa ndani, kutoka ukuta mpaka ukuta, ni mita 1.80. Zidisha: 0.28 mara 1.80 ni 0.504. Nusu kyubiki na kidogo. Ndoo 25.

Mlima sasa. Ule mstari wa kupangusa kwangu una sentimita 80. Kwa mteremko wa 2 kwa 1 kilele kinakuwa robo ya hapo, sentimita 20. Mlima una umbo la paa la nyumba lenye miteremko minne, kwa hiyo ncha mbili za pembeni nazo zinaanguka. Ukifanya hesabu yake unapata kama 0.12. Jumla 0.627, yaani ndoo 31. Namba ile ile aliyonitajia yule dada, ukigawa 62 zake kwa mbili.

Nilicheka peke yangu pale yadi. Mteja alikuwa ameshanipimia baketi yangu bila futi.

Kama hesabu ya paa imekuchosha, iache. Njia inayofuata ndiyo ninayoiamini zaidi.

SANDUKU LISILO NA KITAKO

Nunua mbao, mwambie fundi akutengenezee fremu ya pembe nne, ndani urefu mita 2, upana mita 1, kwenda juu sentimita 50. Haina kitako wala mfuniko. Itandike juu ya turubai, chini pawe tambarare kweli kweli.

Kwa nini vipimo hivyo? Kwanza baketi yenye upana wa mita 1.80 inamwaga humo bila kutapanya. Pili, na hapa ndo utamu ulipo, kwenye sanduku la 2 kwa 1 kila sentimita moja ya kina ni lita 20. Sentimita moja, ndoo moja. Chora ndani alama kuanzia 1 mpaka 50 na umemaliza hesabu zako zote za maisha. Likijaa ni kyubiki moja kamili.

Mwambie opareta achote kama anavyomchotea mteja. Asijue unapima nini, akijua atachota kistaarabu. Amwage. Akisharudisha mashine nyuma na kushusha baketi, sawazisha kwa reki bila kushindilia, soma alama. Toa, rudia. Fanya mara tano, maana moja haitoshi. Mimi nilipata 31, 29, 33, 30 na 32. Wastani 31. Umeona kuna tofauti ya ndoo nne kati ya kijiko kidogo na kikubwa, mtu yule yule, asubuhi moja?

Halafu rudia kwa kila unachouza. Kokoto ndogo kavu kwangu ilikaa kwenye 29 kwa sababu inateleza, mlima haushiki. Samadi yenye majani majani ilifika 34, inajishikilia yenyewe kama kichuguu. Kwa hiyo "kijiko kimoja" kwenye yadi moja kilikuwa vipimo vitatu tofauti.

Kama huna hela ya mbao, tumia pipa la lita 200. Mapipa matano ni kyubiki. Lina jasho, lakini linasema kweli.

Angalizo kwa wanaopima kwa ndoo: ndoo ya rangi ya lita 20 ikijazwa mpaka ukingoni huwa inazidi lita 20. Mwaga humo maji kwa chupa ya lita moja, hesabu 20, piga mstari wa kudumu. Hiyo ndiyo ndoo yako.

MCHANGA UNA UJANJA WAKE

Hapa wengi tunapigwa, na hata mafundi wa siku nyingi hawaamini mpaka waone.

Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Maji yanajishika kwenye chembe, chembe zinaachana, rundo linakuwa kubwa. Ukiwa na unyevu wa kama asilimia 5 mpaka 8 ya uzito wake, mchanga wa kawaida unaongezeka ujazo kwa asilimia 20 mpaka 30, na ule mwembamba sana unaweza kuzidi hapo. Ukiloa kabisa, ukajaa maji, unarudi karibu na ujazo wa mchanga mkavu.

Maana yake ni nini kibiashara? Ukinunua lori la mchanga lililopigwa na manyunyu, unalipia hewa. Ukiuza mchanga huo huo baada ya jua la siku tatu, kyubiki zako zimepungua na hujamuuzia mtu.

Kuuthibitisha ni rahisi. Jaza mchanga kwenye ndoo iliyonyooka kwenda juu mpaka sentimita 30, usishindilie. Umwage pembeni. Weka maji nusu ndoo, rudisha mchanga wote taratibu huku unakoroga kwa fito mpaka uzame. Pima tena kina cha mchanga. Ukikuta 24, basi ulikuwa umevimba kwa sentimita 6 juu ya 24, ambayo ni robo nzima. Ukifanya hivi mbele ya msambazaji wako mara moja tu, siku nyingine atakuheshimu.

Udongo nao una yake. Ukiuchimba unavimba, ukiusafirisha unashuka kwa mtikisiko, mteja akiumwagilia unashuka tena. Ndiyo maana mtu anakwambia "nilijaza kitalu mpaka juu, wiki mbili kimebaki nusu". Hujamdhulumu, ni udongo umekaa. Ila mwambie kabla, siyo baada.

UZITO, MAANA KUNA WATU WANAVUNJA MAGARI

Ujazo ndio unaouza, lakini barabarani gari linabeba uzito.

Mchanga mkavu ni kama kilo 1,600 kwa kyubiki, ukiloa unakaribia 1,900 au zaidi. Nusu kyubiki ya mchanga basi ni kilo 800 mpaka 950. Sasa anakuja kijana na Kirikuu, anataka "kijiko kimoja tu bosi". Hizi Suzuki Carry tunazoletewa kutoka Japani zimetengenezwa kwa mzigo wa kilo 350. Nimepima bodi ya moja iliyokuja kwangu nikapata mita 1.9 kwa 1.4 kwa 0.3, yaani ujazo wa karibu 0.8. Ujazo upo, kijiko kinaingia na nafasi inabaki. Springi ndo hazipo. Kwa mchanga mwambie achukue ndoo 10, akitaka nyingine arudi. Samadi kavu ni nyepesi zaidi, hapo mnaweza kuzungumza.

Na trekta lako pia. Trekta dogo linaweza kuinua baketi ya samadi yenye mlima bila shida, halafu likainua mkia kwenye mchanga uliolowa. Soma kwenye kitabu mkono wa mbele unaruhusiwa kuinua kilo ngapi, weka uzito nyuma kama mashine inavyotaka, na ukitembea na mzigo baketi iwe chini karibu na ardhi. Asisimame mtu chini ya baketi hata kwa sekunde, hata huyo mteja anayetaka kupiga picha.

NINAVYOUZA SASA HIVI

Nilifikiria kupangusa kila kijiko. Nikajaribu siku moja, foleni ikafika barabarani. Haifai.

Nilichofanya ni hivi. Opareta anachota, anakunja baketi, anaitikisa mara mbili kwa lever, kinachodondoka kinadondoka. Tukapima kwenye sanduku kwa mtindo huo, wastani ukaja ndoo 28, na kwa udongo wetu haikushuka chini ya 26. Deiwaka naye akafundishwa mtikiso ule ule, akaja kwenye 27. Tofauti ikaisha.

Kwenye ubao nikafuta neno "kijiko". Sasa pameandikwa: NUSU KYUBIKI (NDOO 25), na bei yake. Zile ndoo mbili tatu zinazozidi ni nyongeza, kama anavyokuongezea fungu mama wa mchicha. Lakini nyongeza ninayoijua. Ndoo 3 mara 700 ni 2,100, na iko ndani ya bei tayari. Bei ilipanda kidogo, nikakaa na wateja wakubwa mmoja mmoja kuwaeleza. Wawili walinuna. Mmoja alihama.

Kwa mteja asiye na uhakika anahitaji kiasi gani, mpigie hesabu hapo hapo kwenye simu. Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita. Bustani ya mita 6 kwa 4, anataka udongo wa sentimita 10: 6 mara 4 mara 0.1 ni kyubiki 2.4, yaani ndoo 120, vijiko vitano hivi vya nusu. Ukijua udongo utashuka mwambie aongeze cha sita, na mwambie kwa nini. Njia ya haraka ya kichwani: nusu kyubiki inatandaza mita za mraba 10 kwa kina cha sentimita 5. Mteja akisikia umemhesabia hivyo hatakuuliza tena kwa nini jirani yako anauza kijiko kwa bei ya chini, atakuuliza kijiko cha jirani kina ndoo ngapi.

Unaponunua, fanya hivyo hivyo. Lori likifika usikubali "tripu". Pima bodi kwa ndani, urefu mara upana, halafu chomeka fito sehemu tano upate wastani wa kina. Pima lilipofika, siyo lilipopakia. Na tukumbuke, vipimo vinavyotumika kwenye biashara vina sheria yake na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Sanduku lako la mbao ni la kujipimia mwenyewe na kusuluhisha ubishi. Ukitaka litumike rasmi kuuzia watu, nenda ofisi yao iliyo karibu uulize utaratibu kabla hawajakufuata wao.

Yule dada, mnauliza? Nilimpelekea ndoo 13 kwa guta, bila maneno mengi. Alipozipokea akanitumia picha ya kitalu na ujumbe: "Kaka, zimefika 13. Nimezihesabu." Bado ni mteja wangu, na bado anahesabu.

Kama baketi yako ina umbo la ajabu na vyumba vya katoni vimekuchanganya, niandikie upana wa ndani, idadi ya vyumba na urefu wa mstari wa kupangusa. Nitakupigia hesabu kesho jioni nikishafunga yadi.